Presha haishuki kwa dawa tatu, na akilala pumzi inakatika: kiharusi kinaingiaje hapo?

TabibuNyakato:

Mwangaluka wakuu. Nina swali la kliniki ya presha, na najua humu wamo watu wa wodini na watu wa vifaa tiba.

Chukueni mfano wa mgonjwa wa namna hii, maana huku kando ya ziwa si wa kutafuta kwa tochi: mwanaume wa miaka 52, mvuvi wa dagaa, kilo 105, urefu mita 1.70, shingo sentimita 44. Anameza amlodipini 10, losartani 100 na haidroklorothiazidi 25, na bado tunasoma 168/104. Mke anasema mumewe hukabwa na jinamizi. Anakoroma mpaka watoto wanahama chumba, ghafla kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, anahema mara mbili tatu, anarudi kulala. Asubuhi kichwa kinamgonga. Akifika kliniki anasinzia kwenye benchi kabla jina halijaitwa. Ukimbana oksimita ya kidole, kile kipima oksijeni ya damu, akiwa macho inasoma 97, kwa hiyo kila mtu anamwambia mapafu yako safi, nenda.

Nataka kujua mambo haya. Kukatika huku kwa pumzi kunaleta kiharusi chenyewe, au ni unene na presha tu vinavyosingiziwa usingizi? Kituoni hatuna maabara ya usingizi, nimtambueje? Ile mashine ya kupuliza hewa inazuia kiharusi kweli? Na mtu anayevua usiku na kulala mchana, kambini umeme ni wa sola, unamsaidiaje?

DaktariWaZamu:

Mhola, mkuu. Hilo jinamizi ni njia ya hewa inayojifunga usingizini, yaani apnia ya usingizi. Nianze na kinachotokea ndani ya nusu dakika moja, kwa sababu kiharusi kinaanzia humo.

Mtu akishika usingizi, misuli ya koo inalegea. Kwa mwenye shingo nene, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini na kimio vinashuka, njia inabaki tundu dogo. Hewa ikipita hapo nyama zinatetemeka, huko ndiko kukoroma. Ikiziba kabisa, kukoroma kunakoma, na mtu wa pembeni anashukuru kimya kilichopatikana. Kifua hakijakoma lakini. Kinavuta kwa nguvu dhidi ya mlango uliofungwa, oksijeni inaanza kushuka kutoka 96, pengine mpaka 80 na chini ya hapo, hewa chafu inajilimbikiza. Ubongo unapiga kengele, mwili unamwaga homoni za mshtuko, misuli ya koo inakaza, njia inafunguka kwa mkoromo mkubwa. Wakati huohuo mishipa imekazwa na moyo unaenda mbio, kwa hiyo presha inaruka. Kisha analala tena na mchezo unaanza upya.

Tunahesabu tukio kama pumzi imesimama au imepungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni hali ndogo, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mwenye 40 kwa saa akilala saa sita ameshtuliwa mara 240. Mtu wa kawaida presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 akilala, mishipa inapumzika. Huyu mishipa yake haina likizo.

Njia ya kufika kiharusi si moja. Ya kwanza ni hiyo presha ya usiku isiyoshuka, inayochosha mishipa midogo ya ubongo. Ya pili ni moyo: kifua kikivuta dhidi ya mlango uliofungwa kinatanua vyumba vya juu vya moyo, na mwaka baada ya mwaka mapigo yanapoteza mpangilio, damu inatuama humo, bonge linaundwa na kupanda kichwani. Ya tatu ni oksijeni kupanda na kushuka, kunakochubua utando wa ndani wa mishipa na kufanya chembe sahani za damu zinate kirahisi. Ipo na ya nne isiyotajwa sana: karibu mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa. Presha ya upande wa kulia ikipanda wakati wa kukosa pumzi, bonge dogo kutoka mguuni linaweza kupenya hapo na kwenda ubongoni bila kuchujwa na mapafu.

Sasa swali lako la kusingizia. Watafiti waliliuliza hivyohivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005 ulifuata watu 1,022. Baada ya kuondoa mchango wa umri, jinsia, unene, sigara, kisukari, presha na mengine, wenye apnia bado walikuwa na hatari ya kiharusi au kifo karibu mara mbili. Mwingine wa 2010, watu 5,422 waliofuatwa karibu miaka 9, ulikuta wanaume wa kundi lenye matukio mengi zaidi wana hatari ya kiharusi karibu mara tatu. Kwa wanawake hatari ilionekana kupanda matukio yalipovuka 25 kwa saa. Kwa hiyo unene unachangia, presha inachangia, lakini ukiviondoa kwenye hesabu bado kinabaki kitu.

Kuhusu kumtambua: tumia dodoso la STOP-BANG, halihitaji umeme. Anakoroma kwa sauti? Anachoka mchana? Ameonekana pumzi ikikatika? Ana presha? Uwiano wa uzito na urefu umezidi 35? Umri umezidi 50? Shingo imezidi sentimita 40? Ni mwanaume? Kila ndiyo ni alama moja. Kuanzia 5 ni hatari kubwa. Huyo wako anapata 8 kati ya 8. Hapo hata ukikosa kipimo, shuku lako lina miguu ya kusimamia.

NesiWaWodi:

Naongezea, maana mke ndiye kipimo cha kwanza na mara nyingi hatumfundishi namna ya kupima.

Mwambie asihesabu mikoromo, ahesabu vimya. Simu yenye saa, nusu saa mara mbili. Mara ya kwanza saa moja hivi baada ya mume kushika usingizi, mara ya pili saa kumi alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea asubuhi na hapo koo hulegea zaidi. Tangu sauti inapokata mpaka mkoromo wa kushtuka, je, sekunde zinafika 10? Andika kijiti. Vijiti vinane kwa nusu saa ni kama 16 kwa saa. Mwanga ukiruhusu apige video dakika tano, mume awe kifua wazi, neti imefunuliwa.

Video nataka kwa sababu moja tu. Kimya kikiwepo huku kifua na tumbo vinapishana kama bembea, kimoja kinapanda kingine kinashuka, hiyo ni koo iliyoziba. Kimya kikiwepo na kifua nacho kimetulia tuli, ubongo ndio haujatoa amri ya kupumua. Hiyo ni aina nyingine, na ukiiona pumzi inapanda polepole, inashuka polepole, inasimama, kisha inapanda tena, fikiria moyo kushindwa au kiharusi ambacho tayari kimetokea. Huyo usimpeleke kwa fundi wa mashine kabla ya daktari wa moyo.

Jambo la pili ni mgonjwa ambaye kiharusi kimeshampata. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kiharusi wanakutwa na apnia wakipimwa. Wengine walikuwa nayo kabla, wengine imezidi kwa sababu ulimi na koo vimepooza upande mmoja. Ndugu wanamlaza chali, wanamfunika vizuri, wanasema analala fofofo maana anakoroma. Hapana. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, au mito iliyoanzia mgongoni, siyo mto mmoja chini ya kisogo, maana huo unakunja shingo na kuziba njia zaidi. Mgeuze ubavu, bega la upande uliopooza liegemee mto lisining'inie. Usimpe diazepamu ati apumzike. Na uji usimpe kabla hajajaribiwa kumeza: vijiko vichache vya maji akiwa ameketi wima, ukisikia kikohozi au sauti imekuwa ya majimaji, acha, atalishwa kwa mrija. Nimonia ya uji ulioingia mapafuni inaua watu ambao kiharusi kiliwaacha hai.

FundiVifaa_Mza:

Hiyo 97 ya akiwa macho haisemi lolote kuhusu usiku, wakuu. Ni sawa na kupima kina cha maji ufukweni ukadhani umejua kina cha ziwa.

Inayofaa ni oksimita ya kurekodi, ile ya mkononi yenye waya mpaka kidoleni, inayohifadhi namba usiku kucha. Vile vidogo vya kubana vingi vinaonyesha tu, havihifadhi, na vingine vinajizima. Rekodi ya chini ya saa nne usiisome. Unachotafuta ni mara ngapi kwa saa oksijeni imeshuka kwa alama 3 au 4 na kupanda tena. Kwenye karatasi inaonekana kama meno ya msumeno. Meno mengi, yamepangana, shaka inaisha. Mstari ulionyooka chini, tuseme 88 usiku mzima bila meno, huo ni mapafu au kitu kingine.

Yanayoharibu kipimo: rangi ya kucha, hina nyeusi, kidole cha baridi, mtu anayejigeuza sana mpaka kibanio kinachomoka. Bandika plasta juu ya waya, acha kitanzi kidogo ili akivuta mkono isichomoke. Halafu jambo ambalo halipo kwenye kijitabu cha maelekezo: kwa ngozi nyeusi vifaa hivi vinaweza kusoma juu ya ukweli, hasa oksijeni ikiwa chini. Kwa hiyo usiangalie namba moja, angalia umbo la kupanda na kushuka.

Rekodi ikiwa safi kwa mtu mwenye dalili zote kama huyo, haijamwondoa. Wapo wanaoshtuka kabla oksijeni haijashuka. Huyo apelekwe kwenye kipimo kamili kinachorekodi na hewa ya puani na mwendo wa kifua.

Mhudumu_Igombe:

Kwa hiyo tumwambie akipata mashine ya kupuliza hewa hatapata kiharusi? Maana kuna mtu anazungusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba "kifaa kinazuia stroku kwa asilimia mia".

DaktariWaZamu:

Hapana, mkuu, na hapo tuwe wakweli hata kama inaumiza biashara ya mtu.

Jaribio kubwa lililochapishwa 2016 lilichukua watu 2,717 wenye apnia ya kati au kali ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya ubongo. Nusu walipewa CPAP, yaani hiyo mashine ya kupuliza hewa, nusu hawakupewa, wakafuatwa karibu miaka minne. Viharusi na mishtuko ya moyo havikupungua. Lakini wenye mashine waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Mtu anaivaa saa tatu za mwanzo, anaivua, na alfajiri ambako koo linaziba zaidi halina ulinzi. Tena watu waliokuwa wanasinzia kupita kiasi na wale ambao oksijeni yao ilishuka sana hawakuingizwa, na ndio huyo wa swali. Walioitumia zaidi ya saa nne walionekana kuwa na viharusi vichache, ila hapo unaweza kuwa unalinganisha watu makini na wasio makini. Ninachosema mimi: mashine inampa usingizi, inaondoa kusinzia, inashusha presha kidogo. Kinga ya kiharusi haijathibitishwa.

Na "kidogo" hiyo ni kidogo kweli, milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa wastani. Linganisha na hili: kushusha presha ya juu kwa milimita 10 kwa dawa kunapunguza hatari ya kiharusi kwa karibu robo. Kwa hiyo kiharusi cha mvuvi huyu kinazuiwa kwanza kwenye dawa zake. TabibuNyakato, kabla hujaiita presha yake sugu, pitia haya.

Kanda ya mkono, ile ya kipima presha. Mwenye kilo 105 mkono wake huenda umezidi sentimita 32. Kanda ya kawaida kwenye mkono mnene inasoma juu kuliko ukweli, na unaweza kumwongezea dawa ya nne kwa kosa la kanda. Pima mzingo wa mkono kwanza.

Je, anameza? Uliza kwa namna isiyomtia aibu: "Wiki iliyopita umekosa siku ngapi?" Mvuvi wa usiku huambiwa ameze asubuhi, asubuhi ndiyo yuko mwaloni anauza, mchana kalala. Utafiti wa Uingereza wa 2022, watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya viharusi na mishtuko ya moyo kati ya kumeza asubuhi na jioni. Ameze jioni kabla mtumbwi haujatoka, mradi saa ile ile. Akiona kidonge cha kukojosha kinamsumbua akiwa majini, hicho peke yake akihamishie asubuhi akirudi.

Diklofenaki. Mgongo wa kuvuta nyavu unauma, duka la dawa liko jirani, anameza kila siku. Inapandisha presha, na ikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojosha inaumiza figo. Mpe parasetamoli.

Chumvi. Kayabo, yaani samaki mkavu wa chumvi, na dagaa waliotiwa chumvi. Kikomo cha siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu. Kayabo iloweke, mwaga maji, loweka tena, na ukiipika usiongeze chumvi.

Baada ya hapo ikibaki juu, dawa ya nne yenye ushahidi mzuri ni spironolaktoni 25. Kwa kuwa yuko kwenye losartani, pima potasiamu na figo kabla, kisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Usipoweza kupima usiianze. Mshike na mapigo ya mkono kwa dakika nzima kila akija. Yakiruka ovyo bila mpangilio, apate ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu mapigo ya namna ile yana dawa yake ya kuzuia damu kuganda na aspirini haitoshi hapo.

Uzito nao usiuache. Kupungua asilimia 10, kwake kama kilo 10, kunapunguza matukio kwa takriban robo. Na bia ya kabla ya kulala inalegeza koo, aiache.

FundiVifaa_Mza:

Mashine kwa ufupi, kwa wale watakaoipata. Ilibuniwa Australia, Colin Sullivan aliielezea mwaka 1981, na kanuni haijabadilika: feni inasukuma hewa ya kawaida, SIYO oksijeni, ili koo lisijifunge. Kipimo chake ni sentimita za maji, 4 hadi 20. Zipo za kiwango kimoja na zipo zinazojirekebisha zenyewe.

Narudia hilo la oksijeni kwa sababu nakuta watu wamekodi mtungi. Oksijeni haifungui koo. Inaweza hata kurefusha kimya, maana ubongo unachelewa kupiga kengele huku hewa chafu ikiendelea kulimbikizana.

Wanaoacha mashine, wengi wanashindwa na barakoa. Ikivuja juu, macho yanakauka na kuwa mekundu. Watu wanakaza mikanda, pua inachubuka, na bado inavuja kwa sababu saizi siyo. Vaa umelala, mashine ikiwa inapuliza, ndipo uweke mikanda, iwe ya kupitisha kidole kimoja. Mdomo ukikauka asubuhi, anafungua kinywa usingizini: aina ya puani tu haimfai, apewe ya pua na mdomo. Osha sehemu inayogusa uso kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji, mafuta ya ngozi ndiyo yanayofanya iteleze. Bomba kila wiki. Kichujio usiende zaidi ya mwezi, na kambini kwenye vumbi la dagaa wanaoanikwa mchangani utakibadilisha mapema. Chombo cha unyevu kiwekwe maji yaliyoondolewa madini kama yale ya betri? HAPANA, maji ya betri ya dukani usiyoyajua asili yake usiyavute. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, mwaga kila asubuhi, kikaushe. Maji ya ziwa bila kuchemsha usithubutu.

Umeme. Bila kipasha unyevu mashine nyingi zinakula kati ya wati 30 na 60. Chukua 40 kwa saa 8, unapata wati-saa 320. Betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwenye maandishi, lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600, toa upotevu, baki na kama 540. Usiku mmoja na nusu. Paneli ya wati 100 siku ya mawingu haitoshi kurudisha, weka 150. Zima kipasha unyevu, hicho ndicho kinamaliza betri. Soma nyuma ya mashine: nyingi ni volti 24, zinahitaji kibadilishaji chake cha kutoka 12 kwenda 24. Betri ya kuwashia gari itakufa ndani ya miezi, haikutengenezwa kushushwa kila siku. Mjini weka stabilaiza, umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaochoma bodi.

Asiye na uwezo wa mashine: kama video inaonyesha kimya kinakuja akilala chali tu, shona mfuko mgongoni mwa fulana ya mtumba, katikati ya mabega, tia mpira wa tenisi. Akigeuka chali unamkera anarudi ubavu. Ni kifaa cha maskini, na kwa apnia ya chali kinafanya kazi. Kwa aliyefikia 40 kwa saa katika kila mlalo, hakitoshi.

TabibuNyakato:

Nashukuru sana wakuu. Lile la kanda limenichoma, tuna saizi moja. Na akilala mchana, apnia inakuwepo vilevile?

DaktariWaZamu:

Ipo. Koo halijui saa, linajua usingizi. Mashine avae mchana huohuo. Ila usingizi wa mchana kambini, joto chini ya turubai na kelele, ni wa vipande, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonyesha hali nyepesi kuliko ilivyo. Na mtu huyu asikae yeye kwenye injini. Anayesinzia kwenye benchi atasinzia na kwenye maji, na maji hayamwamshi mtu kwa upole.

Mhudumu_Igombe:

Mimi nina watoto wenye selimundu kwenye kaya ninazotembelea. Kuna anayekoroma, miaka 6. Hayo yote yanamhusu?

NesiWaWodi:

Yanamhusu, tena haraka, dada yangu. Mtoto wa selimundu ana hatari ya kiharusi bila hata presha. Mafindofindo na nyama za pua zikiwa kubwa, oksijeni inashuka usiku, chembe nyekundu zinajikunja mundu zaidi. Utafiti wa Uingereza wa 2001 ulihusisha oksijeni ndogo ya usiku na matatizo ya ubongo kwa watoto hawa.

Uliza: anakoroma usiku mitatu au zaidi kwa wiki? Analala mdomo wazi, shingo ameitupa nyuma? Kichwa asubuhi? Kukojoa kitandani usikuamini sana, figo za selimundu zenyewe zinafanya hivyo. Mmulike kooni: mafindofindo yakikaribia kugusana, aonwe na daktari wa pua, koo na masikio.

Lakini kabla ya upasuaji, kipimo cha Dopla cha kichwani, kwa miaka 2 hadi 16. Hakiumizi, kinapima kasi ya damu kwenye mishipa mikubwa ya ubongo. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, yuko hatarini sana. Tangu 1998 inajulikana kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa kiwango hicho kunapunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90, na kwa kuwa damu haipatikani kirahisi, dawa ya haidroksiyurea ndiyo njia yetu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wamefanya utafiti wa kupima Dopla na kutoa haidroksiyurea kwa watoto wa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo si kitu cha kusikia redioni tu. Akifikia kukatwa mafindofindo, wapasuaji wajulishwe mapema kuwa ni selimundu. Kwa kawaida huongezewa damu kwanza mpaka hemoglobini ikaribie 10.

DaktariWaZamu:

Nimalizie na la dharura, maana viharusi vingi mtu anaamka navyo. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanagongana: usiulize kama kalalia vibaya. Uliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, andika kwenye karatasi, karatasi iende naye. Dawa ya kuyeyusha bonge ina dirisha la saa nne na nusu toka hapo, na haitolewi kabla ya CT skani, picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Aliyelala saa tatu usiku akaamka saa kumi na moja hivyo, saa zake zinahesabiwa toka saa tatu. Aliyeko visiwani Ukerewe au Kome, chombo kitafutwe sasa, msisubiri kupambazuke.

Pima sukari palepale, ikishuka inaiga kiharusi. Usimpe aspirini kabla ya CT. Usimpe chochote mdomoni. Na ndugu zangu wa vituoni, ile dawa ya presha, nifedipini, ya kutoboa na kudondoshea chini ya ulimi, tafadhali acheni. Presha ya 190 baada ya kiharusi cha bonge ni ubongo unajitafutia damu. Ukiishusha kwa kishindo unaua sehemu iliyokuwa bado inapumua.

TabibuNyakato:

Nimeelewa. Nimeazima kanda kubwa kituo jirani, itafika kesho. Oksimita ya kurekodi nimeahidiwa kwa usiku miwili. Giza linaisha wiki ijayo, mbalamwezi ikianza mitumbwi ya dagaa inapumzika na wanaume wanalala usiku nyumbani. Kipimo nitakifanya siku hizo, mke ashike simu.